Ukuta wa Mvungu

Mhadhara kwa wanafunzi wa uashi na wote wapendao ilimu ya ujenzi

Vijana wa uashi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, na chokaa ingali kwenye kucha zenu:

Juu ya meza hii nimeweka vitu vitatu, navyo ndivyo vitakavyoniongoza jioni hii zaidi ya karatasi niliyoishika mkononi. Cha kwanza ni tofali la kuchoma la Kiingereza, lenye urefu wa milimita 215, upana wa milimita 102 na nusu, na kimo cha milimita 65. Cha pili ni kipande cha chuma chenye urefu wa shibiri moja hivi, kilichosokotwa katikati kama kamba na kupanuliwa kila upande. Cha tatu ni upapi wa mbao uliofungwa kamba kila ncha, ambao mtu asiyejua kazi yake angeuokota akautia mekoni. Kitu cha nne, nacho ndicho hasa nilichokuja kukizungumzia, sikuweza kukileta, kwa kuwa hakishikiki wala hakibebeki: ni nafasi tupu iliyomo katikati ya ukuta.

Katika nchi ya Uingereza, ambako nilijifunza sehemu kubwa ya kazi hii na kuifanya kwa miaka kadhaa, nyumba aghalabu haijengwi kwa ukuta mmoja mnene, bali kwa kuta mbili nyembamba zinazopanda pamoja, moja ikitazama mvua na nyingine ikitazama chumba, na baina yake huachwa uwazi usiopungua milimita 50. Uwazi huo nitauita mvungu, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa nafasi iliyo chini ya kitanda, maana nao umefunikwa, hauonekani na mgeni anayekaribishwa sebuleni, na mtu mzembe huujaza takataka akidhani hakuna atakayeinama kuchungulia. Kila moja ya kuta hizo mbili nitaiita tabaka: tabaka la nje na tabaka la ndani. Zamani, matabaka yote mawili yalipokuwa ya tofali kama hili, ukuta mzima ulikuwa na unene wa inchi 11, yaani inchi nne na nusu za tofali, inchi mbili za mvungu, na inchi nne na nusu nyingine za tofali. Siku hizi tabaka la ndani hujengwa kwa matofali makubwa ya saruji. Na kwa kuwa tofali kubwa pamoja na udongo wake lina kimo cha milimita 225, na tofali dogo pamoja na udongo wake lina kimo cha milimita 75, kozi tatu za nje, yaani safu tatu za matofali yaliyolazwa, hulingana barabara na kozi moja ya ndani. Wageni wa kazi hii wasishangae nikisema udongo: ndivyo waashi wauitavyo mchanganyiko wa mchanga, saruji au chokaa, na maji, ambao tofali hulalia.

Sababu ya taabu yote hii ni mvua. Nasi mvua tunaijua, lakini mvua ya masika katika pwani yetu, hata iwe kubwa namna gani, mara nyingi huanguka kutoka juu, kisha jua hutoka likaanza kuukausha ukuta siku ile ile. Katika pwani ya magharibi ya Wales, nilikofanyia kazi, mvua huja kwa ubavu, ikisukumwa na upepo wa bahari ya Atlantiki mchana na usiku, siku tatu, siku nne, na ukuta unaoipokea haupati jua la kuukausha kabla mvua nyingine haijawasili. Watu wengi hudhani kwamba maji hayo hupita ndani ya mwili wa tofali. Humo hupita kidogo. Njia yake kubwa ni ule mwanya mwembamba kama unywele uliopo pale udongo unapokutana na tofali, kwa sababu udongo unapokauka husinyaa ukaachana na tofali mahali hapa na pale, na upepo ukisukuma, maji hupata njia. Katika ukuta mnene wa inchi tisa baadhi ya matofali hulazwa kwa kupitisha, kichwa kimoja nje na kichwa kimoja ndani, ili kuufunga ukuta. Na kila tofali la namna hiyo ni daraja ambalo maji huvuka kutoka barabarani hadi chumbani. Nawaomba mlishike neno hili daraja, maana nitalirudia mpaka mchoke.

Mwashi wa ukuta wa mvungu hafanyi inda na maji. Huyaacha yaingie katika tabaka la nje kadiri yatakavyo, kwa kuwa anajua kwamba yakifika kwenye uso wake wa nyuma hayatakuwa na pa kukanyaga: mbele yake ni hewa, na maji hayana mbawa. Yatateremka juu ya uso ule wa ndani, polepole, gizani, hadi chini ya ukuta, na huko yatakuta matundu madogo aliyoyaacha mwashi kwa makusudi baina ya tofali na tofali, yatoke nje yaende zake. Tabaka la ndani halikuwahi kuguswa. Fauka ya hayo, hewa iliyotulia ndani ya mvungu haipitishi joto kwa wepesi kama tofali lipitishavyo, na katika nchi ya jalidi hilo nalo ni neema. Ila hapo mwanzo neema hii ilikuja kama nyongeza, na haja yenyewe ilikuwa ukavu.

Fikra hii ina umri mkubwa. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeishi katika zama za Kaisari Augusto, alimshauri mwenye nyumba ambaye ukuta wake unatota ajenge ukuta wa pili, mwembamba, upande wa ndani, aache nafasi baina ya kuta hizo, aweke mfereji chini na matundu ya kuingiza na kutoa hewa. Shauri hilo limo katika kitabu cha saba cha maandishi yake juu ya ujenzi, na sijui neno la kulisahihisha. Huko Uingereza msanifu William Atkinson aliandika juu ya kuta za namna hii mwaka 1805, katika kitabu chake cha nyumba ndogo za mashambani. Lakini desturi yenyewe ilichukua zaidi ya miaka mia kuenea, na ni katika miaka ya 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo ukuta wa mvungu ulipoanza kuwa ukuta wa kawaida wa nyumba ya mtu wa kawaida.

Babu zetu walilijibu swali la maji kwa njia nyingine, wala sitaki kijana yeyote atoke humu akidhani njia yao ilikuwa duni. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama mnaouona katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Lamu, una unene wa karibu nusu mita, nao hunywa maji na kuyatoa. Chokaa hupumua, unyevu uliopanda kutoka ardhini au kuingia kwa mvua hurudi hewani kupitia uso wa ukuta, mradi uso huo umepakwa chokaa. Mtu anapokuja na saruji akaupiga lipu ukuta huo kwa kutaka uonekane mpya, amemziba mtu pua: unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hubanduka mapande mapande pamoja na ngozi ya ukuta wenyewe. Hizo basi ni madhehebu mbili za ujenzi, moja ya ukuta unaokunywa na kupumua, nyingine ya ukuta uliotenganishwa na maji kwa hewa, na kila moja ina masharti yake. Anayechukua nusu ya hii na nusu ya ile hupata hasara ya zote mbili.

Sasa tuujenge. Mambo ya msingi nitayapita upesi, kwa sababu mwashi aliyezoea msingi wa kawaida hatapotea humu. Matabaka yote mawili husimama juu ya zege moja. Sehemu ya mvungu iliyo chini ya ardhi hujazwa zege jepesi hadi karibu na usawa wa ardhi, ili udongo wa nje usiyasukume matabaka yakakaribiana, na uso wa zege hilo huinamishwa kuelekea nje. Karatasi ya kuzuia unyevu, ambayo mafundi wengi hapa huiita dipisi, hulazwa katika kila tabaka si chini ya milimita 150 juu ya ardhi, maana tone la mvua likipiga chini huruka, na kimo hicho ndicho kiasi cha kuruka kwake. Mvungu wenyewe lazima uendelee kushuka milimita 225 chini ya karatasi hiyo kabla haujakutana na zege, ili takataka chache zitakazoanguka, maana hakuna mwashi ambaye hadondoshi kitu, zipate pa kukaa bila kuifikia karatasi. Nimeona nyumba nzuri zikiharibiwa na mwenyewe kwa kupenda maua: amejaza udongo wa bustani ukutani hadi ukaipita karatasi ile, akayaziba na matundu ya kutolea maji, kisha akalalamika kwamba chumba kinanuka ukungu.

Kuta mbili nyembamba zilizosimama kila moja peke yake ni dhaifu. Upepo utazipinda, na mzigo wa sakafu na paa utaibonyeza ile ya ndani. Kwa hiyo hufungamanishwa kwa vishikizo kama hiki kilichopo mezani, ili ziupokee upepo kwa pamoja. Kanuni ya Uingereza ni kishikizo kimoja kila milimita 900 kwa upana na kila milimita 450 kwa kimo, safu ya juu ikipishana na safu ya chini mfano wa tano ya dhumna. Na kandokando ya milango na madirisha vishikizo huwekwa karibu zaidi, kila milimita 300 au pungufu. Milimita 450, mkipiga hesabu, ni kozi sita za tofali dogo na kozi mbili za tofali kubwa, na hapo ndipo mnapoona kwa nini vipimo vya matofali hayo vilitungwa vioane. Kishikizo kilazwe juu ya udongo mbichi, kisha tofali lije juu yake. Kizame milimita 50 kwa uchache katika kila tabaka. Kisipachikwe baadaye kwa kusukumwa katika udongo uliokwisha kukaza, maana hapo hakikushika kitu, kimeegemea tu.

Tazameni tena msokoto huu wa katikati, kwa kuwa ndani yake mna hikima nisiyoacha kuistahi. Kishikizo ni daraja. Hakuna njia ya kulikwepa hilo: ni chuma kilichovuka kutoka upande wa maji hadi upande wa watu. Basi aliyekitunga alikipa mahali pa kuangushia maji. Tone linalotambaa juu ya chuma likifika kwenye msokoto hukusanyika chini yake, huzidi uzito, huanguka katikati ya mvungu, wala halifiki ng'ambo. Lakini msokoto hufanya kazi hiyo kwa masharti mawili: kishikizo kilale sawa au kiinamie nje kidogo, kisiinamie ndani kamwe, na kiwe kitupu, bila kitu juu yake.

Sharti hili la pili ndilo lililonitoa usingizi katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Tuliitwa, mimi na mwalimu wangu, mzee wa Kiwelshi asiyependa maneno mengi, katika nyumba iliyokuwa haijafikisha miaka mitatu, nayo ilijengwa na mkandarasi nisiyekusudia kumtaja. Katika chumba cha kulala, kwenye ukuta unaotazama magharibi, palikuwa na madoa ya unyevu matano, kila moja kiasi cha sahani ya kulia. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuyapaka rangi mara mbili. Mzee hakuuliza neno. Alitoa futi yake akapima kutoka kitovu cha doa moja hadi kitovu cha jingine, akanionyesha kwa kidole: milimita 900. Kisha akapima kutoka doa la chini hadi la juu: milimita 450. Kabla hajagusa patasi alikuwa ameusoma ukuta ule kama mtu asomavyo barua.

Tulitoka nje tukang'oa matofali mawili. Nikaingiza mkono. Juu ya kishikizo, palepale kwenye msokoto, palikuwa na bonge la udongo mkavu lililokaa kama kiota cha mbayuwayu, limegusa tabaka la nje na limegusa tabaka la ndani, nalo lilikuwa limelowa chapachapa. Mwashi aliyejenga juu yake hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akilaza matofali kwa haraka, udongo uliozidi ukabinywa ukamwagikia nyuma, ukaangukia mahali pa kwanza palipoudaka. Tulipofungua chini ya ukuta tukakuta mabonge kama hayo yamerundikana hadi juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, na yale matundu ya kutolea maji yamezibwa kwa ndani. Mvungu ulikuwapo kwenye mchoro, na ulikuwapo ukuta ulipopimwa unene kwa nje. Ndani yake ulikuwa umekwisha kuwa ukuta mmoja mnene, tena mbaya kuliko ukuta mnene, maana hakuna aliyejua. Usiku ule nilihesabu moyoni kuta zote nilizozijenga tangu nianze, nikajiuliza ni ngapi kati ya hizo nilizichungulia kabla sijazifunga.

Dawa yake ni upapi huu. Urefu wake ni mita moja, na upana wake ni milimita 48, pungufu kidogo ya mvungu ili uweze kupanda na kushuka. Mwashi akisha kulaza safu ya vishikizo, huulaza upapi juu yake, ndani ya mvungu, kamba zake zikining'inia nje. Anapoendelea kupanda, kila udongo unaodondoka hudakwa na upapi. Akifika kimo cha safu nyingine ya vishikizo huuvuta taratibu kwa kamba zote mbili pamoja, asiupindue, akaukwangua, akalaza vishikizo vipya, akaurudisha. Kazi hiyo huchukua muda wa kunywa funda la chai. Kadhalika mkono wa mwashi mwenyewe unaweza kupunguza uchafu kabla haujatokea: ukisha kutandaza udongo, kata ukingo wake wa nyuma kwa mwiko kwa mshazari, ili tofali likikaa, udongo ujae ule ukingo badala ya kubinywa mvunguni. Na chini kabisa acha tofali moja moja, kila mita hivi, bila kulijengea, upate mlango wa kutolea takataka jioni. Ukuta ukisha, ndipo uzibe. Siku moja msipande zaidi ya mita moja na nusu, kwa sababu udongo mbichi wa chini hauwezi kubeba zaidi ya hapo bila kutepeta.

Penye dirisha na mlango mvungu hukoma, na kila unapokoma pana hatari ya daraja. Ubavuni mwa dirisha, pale tabaka moja linapogeuka kukutana na jingine, husimamishwa karatasi ya kuzuia unyevu baina yao. Juu ya dirisha kazi ni kubwa zaidi, maana linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, imekatiza njia ya maji yanayoshuka. Hapo hulazwa karatasi pana inayoanzia juu katika tabaka la ndani na kuteremkia katika tabaka la nje, mfano wa paa la upande mmoja, na mbele yake huachwa matundu ya kutolea maji, yasiyopungua mawili kwa kila dirisha. Ukiona doa la unyevu juu ya pembe ya dirisha, usimlaumu fundi wa rangi.

Nimesema kishikizo ni daraja la lazima. Sasa niseme pia kwamba ndicho kilichobeba uhai wa watu. Kwa miongo mingi vishikizo vya Uingereza vilikuwa vya chuma kilichopakwa zinki, na ikaja kudhihirika kwamba zinki hiyo ilikuwa chache, na kwamba katika nyumba ambazo udongo wake ulichanganywa na majivu meusi ya viwandani, salfa iliyomo katika majivu hayo iliila zinki na kisha ikakila chuma. Kanuni ya zinki ilikazwa mwaka 1981, na siku hizi hutumika chuma kisichoshika kutu. Ila nyumba zilizotangulia zipo kwa maelfu, na watu wamelala ndani yake. Chuma kinachoshika kutu huvimba. Kishikizo kinene kikivimba huinua kozi iliyo juu yake, na ukuta hupata ufa mrefu wa kulala, kisha kozi sita juu yake ufa mwingine, kisha kozi sita tena. Mwashi anayeijua hesabu ya vishikizo akipita barabarani huuona ugonjwa huo kutoka ng'ambo ya pili. Kishikizo chembamba cha waya ni kibaya zaidi, maana hufa kimyakimya, bila ufa wa kutoa habari.

Asubuhi na mapema ya tarehe 29 Januari 2016, katika dhoruba, tabaka la nje la ukuta mmoja wa shule ya msingi ya Oxgangs, mjini Edinburgh katika Scotland, lilianguka. Tani 9 hivi za matofali zikarundikana mahali ambapo watoto hupita. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, watoto walikuwa hawajafika. Baada ya ukaguzi shule 17 za mji ule zilifungwa, na Profesa John Cole alipewa kazi ya kuchunguza. Taarifa yake ilitoka Februari 2017. Hapakuwa na siri ya ajabu. Matabaka mawili yalikuwa yamejengwa yakaachana kupita kiasi, mvungu ukawa mpana kuliko ulivyopangwa, na vishikizo, ambavyo urefu wake haubadiliki, havikuzama katika tabaka la nje kwa kadiri ya kutosha. Chuma kilikuwa kizima. Kilichopungua ni kule kuzama kwake katika udongo, jambo ambalo kibarua yeyote mwenye kipimo angeliona katika saa ile ile ukuta ulipokuwa ukipanda. Lakini hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutazama, au aliyepewa hakutazama. Na kozi iliyofuata ilipolazwa, kila kosa lilikwisha kufunikwa.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya kuujaza mvungu. Tangu miaka ya 1970, nishati ilipokuwa ghali, Waingereza walianza kuijaza mivungu yao kwa povu na kwa sufi ya mawe ili joto lisitoroke, na mvungu wa nyumba mpya sasa umepanuliwa hata kufika milimita 100 au 150 kwa ajili hiyo. Mahali pa mvua ya wastani sina ugomvi nalo. Mahali pa mvua ya kusukumwa na upepo nashika rai ya mwalimu wangu: mabamba ya kuhami joto yabanwe kwenye tabaka la ndani, na mbele yake iachwe hewa safi ya milimita 50, kwa kuwa kitu chochote kinachogusa matabaka yote mawili kinaweza siku moja kugeuka daraja, hata kikiwa kimeuzwa kwa sifa ya kutopitisha maji.

Kuna ndugu mmoja wa ukuta huu ambaye huenda ndiye atakayewafaa wengi wenu kwanza. Waashi wa Kiingereza humwita mtego wa panya. Matofali husimamishwa kwa ubavu badala ya kulazwa, mawili mawili sambamba, na baina ya kila jozi tofali moja hupitishwa kwa kukingama. Ndani hubaki vyumba vidogo vya hewa, na matofali hupungua kwa karibu robo. Laurie Baker, msanifu aliyezaliwa Birmingham na kuyamaliza maisha yake katika jimbo la Kerala nchini India, aliujenga kwa wingi katika nyumba za watu wenye kipato kidogo, na katika miaka hii nyumba za namna yake zimejengwa pia Rwanda, mjini Kigali, kwa matofali ya kuchoma yaliyotengenezwa humo humo nchini. Ni ukuta wa busara na wa kuokoa mali, nami naupenda. Ila msiuchanganye na ukuta wa mvungu: yale matofali yanayokingama ni madaraja, kila moja, na penye mvua ya ubavu yatayavusha maji. Uwekeni penye paa lenye upenu mpana.

Hapa kwetu sioni haja ya kujenga ukuta wa mvungu kila mahali kwa sababu tu umetoka ng'ambo. Penye nyanda za juu, kwenye baridi na mvua ya upepo, mwenye uwezo na aufikirie. Baadhi yenu mtakwenda kufanya kazi ughaibuni, na huko mtaukuta kila siku. Lakini kwa yeyote atakayeujenga, mahali popote, nina ombi moja kwa mwenye nyumba na moja kwa mwashi. Mwenye nyumba, lipa mtu wa kuutazama ukuta wako unapopanda, kila siku, si siku ya kukabidhiwa funguo. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kufungua ukuta uliokwisha pakwa rangi. Nawe mwashi, kabla hujafunga tofali la mwisho la chini, washa taa, iingize katika tundu hilo, na uombe mwenzako achungulie kutoka juu. Akiuona mwanga, endelea. Asipouona, toa uchafu, hata kama jua limetua na kila mtu ameosha mikono.

Upapi huu nitauacha hapa mezani na kamba zake. Anayetaka kuupima na aje aupime. Na aliyeusoma mhadhara huu bila kuhudhuria, achukue upana wa mvungu wake, atoe milimita mbili, akate wake.